Hatua na Sababu: Jeki ya Kupandia katika Somo la Mashine Rahisi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi huketi nyuma ya darasa tukiwa na fomu ya tathmini mikononi, na mbele yetu husimama mwanachuo anayejitahidi kutumia yale aliyojifunza chuoni. Mara nyingi tunayoyasahihisha ni yale tuliyoyazoea: sauti ndogo, ubao usiopangwa, muda usiotosha. Hata hivyo, hutokea siku ambapo anayesahihishwa si mwanachuo peke yake, bali na sisi pia. Makala hii inatokana na siku ya namna hiyo, nasi tunaiandika kwa kuwa kosa lililotendeka siku ile hutendeka katika madarasa mengi bila ya mtu yeyote kuliona.

Mwanachuo wetu mmoja alikuwa akifundisha mashine rahisi katika Darasa la Sita. Siku chache kabla ya hapo, gari la wageni waliokuwa wakisafiri kutoka Ulaya kwenda kusini mwa Afrika lilipata pancha katika barabara kuu, karibu na shule. Lilikuwa gari-nyumba, yaani gari lililojengewa nyumba mgongoni, lenye vitanda, jiko na tangi la maji. Wanafunzi waliokuwa wakirudi nyumbani walisimama kutazama. Waliwaona wageni wale wakitoa kipande kizito chenye mteremko, wakakiweka mbele ya gurudumu la nyuma, wakaliendesha gari juu yake taratibu. Na tairi lililoharibika likabaki likining'inia hewani. Hakuna aliyelala chini ya gari kupiga jeki.

Mwanachuo aliona, na kwa haki kabisa, kwamba amepata mfano ambao wanafunzi wake wameuona kwa macho yao. Akaandaa somo vizuri. Aliandika ubaoni hatua nane za kubadili tairi kwa kifaa kile. Hatua ya pili ilisema, "Legeza nati za gurudumu." Hatua ya tatu ilisema, "Endesha gari lipande juu ya jeki." Mwandiko ulikuwa safi, sauti ilisikika, wanafunzi walizikariri hatua zote bila kukosea. Nasi tukaweka alama ya "vizuri sana" mbele ya kifungu kinachohusu mpangilio wa somo.

Ndipo msichana mmoja aliyeketi karibu nasi akanyosha mkono akauliza: "Mwalimu, kama nati tumeshazilegeza, gari litapandaje bila gurudumu kuchomoka?"

Mwanachuo alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba ndivyo inavyofanywa. Kila dereva hulegeza nati kabla ya kuinua gari. Msichana akaketi. Somo likaendelea. Lakini swali lake lilikuwa sahihi, jibu lilikuwa si sahihi, na alama yetu ilikuwa imekwisha kuwekwa.

Katika kurasa hizi tutaeleza kwanza jinsi kifaa kile kinavyofanya kazi, kisha tutaonyesha namna ya kulifundisha somo hili ili swali kama la msichana yule lisiwe kikwazo, bali liwe ndilo somo lenyewe.

KIFAA CHENYEWE

Jeki ya kupandia ni kipande imara cha mbao, chuma, aluminiamu au plastiki ngumu. Upande mmoja una mteremko. Juu pana mahali bapa, au penye kishimo kidogo, pa kuketisha tairi. Na mwishoni huwepo kizuizi ili tairi lisipitilize likaanguka upande wa pili. Hakina mkono wa kupiga wala skurubu ya kuzungusha. Gari ndilo linalojiinua kwa kukipanda.

Hapa mwanafunzi mwenye akili atauliza mara moja: ikiwa gurudumu limekanyaga kifaa, litaondolewaje? Jibu lake ndilo siri ya kifaa hiki. Magari mengi mazito, yakiwemo malori, mabasi na magari-nyumba makubwa, yana magurudumu pacha nyuma: kila upande wa ekseli una magurudumu mawili yaliyofungwa pamoja, moja la ndani na jingine la nje. Tairi la nje likiharibika, jeki ya kupandia huwekwa mbele ya tairi la ndani peke yake. Gari likipanda, tairi la ndani huinuka pamoja na ekseli, na la nje huinuka nalo kwa sababu yamefungwa mahali pamoja. La ndani limekanyaga jeki; la nje halina linachokikanyaga. Hivyo laweza kufunguliwa.

Kifaa cha namna hiyo hutumiwa pia kwa tela lenye ekseli mbili zinazofuatana. Gurudumu zima hupandishwa juu, na gurudumu bovu la upande uleule, lililo mbele yake au nyuma yake, huning'inia. Kanuni ni ileile: kinachobeba ni kizima, kinachoning'inia ni kibovu.

KAZI HAIPATIKANI BURE

Mwalimu asiridhike na kusema kwamba mteremko "hurahisisha kazi". Neno hilo huwafanya wanafunzi waamini kwamba mashine hutoa kazi bure. Na tupige hesabu.

Mfano mzuri ni gari la Ford E-450, ambalo huko Marekani hutumiwa sana kubebea nyumba za namna hii. Uzito wake wa juu unaoruhusiwa ni paundi 14,500, yaani karibu kilo 6,580. Tuchukulie kwamba ekseli ya nyuma imebeba kilo 4,000, na kila upande kilo 2,000. Kuinua kilo 2,000 kunahitaji kani ya nyutoni 20,000 hivi. Tukitaka kuinua upande huo kwa sentimita 10, kazi itakayofanyika ni nyutoni 20,000 mara mita 0.1, yaani juli 2,000.

Sasa tuchukulie kwamba mteremko wa jeki una urefu wa sentimita 40. Gari husafiri sentimita 40 ili kupanda sentimita 10. Umbali umekuwa mara nne. Kwa hiyo kani inayohitajika, tukiacha msuguano, ni robo: nyutoni 5,000 badala ya 20,000. Lakini 5,000 mara mita 0.4 ni juli 2,000 zilezile. Tumepunguza kani, tumeongeza umbali. Kazi haikupungua hata kidogo.

Ili wanafunzi waione hesabu hii, tuwakumbushe ndoo ya maji. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa nyutoni 200 hivi. Kuiinua mita moja ni kazi ya juli 200. Basi kuinua upande mmoja wa gari lile kwa sentimita 10 ni sawa na kuinua ndoo kumi za maji, moja baada ya nyingine, kutoka sakafuni hadi urefu wa mita moja. Anayetumia jeki ya kawaida huzilipa ndoo hizo kumi, pamoja na nyongeza ya msuguano, kwa mikono yake, kidogo kidogo, kwa kuusukuma mkono wa jeki mara nyingi. Anayetumia jeki ya kupandia huiachia injini ilipe. Tofauti ni ya mlipaji tu. Deni ni lilelile.

KANUNI YA NATI NA SABABU YAKE

Sasa turudi kwenye swali la msichana. Kanuni ya kulegeza nati kabla ya kuinua gari ni kanuni nzuri, na kila anayetumia jeki ya kawaida aifuate. Lakini kwa nini ipo? Ipo kwa sababu gurudumu likiwa hewani halina kinacholizuia. Ukiikaza spana ili kulegeza nati, gurudumu zima huzunguka pamoja na spana, na nati haifunguki. Tena, kulisukuma kwa nguvu gari lililosimama juu ya jeki nyembamba kwaweza kuliangusha. Kwa hiyo dereva hulegeza nati kidogo wakati tairi lingali limeshikwa na ardhi, na gari huinuliwa likiwa limesimama.

Tazama jinsi mambo yanavyobadilika kwa jeki ya kupandia. Gari haliinuliwi likiwa limesimama. Huinuliwa kwa kuendeshwa. Magurudumu huzunguka yakiwa yamebeba mzigo wote. Kuendesha gari la tani sita lenye nati zilizolegea ni kualika ajali. Zaidi ya hayo, sababu ya kulegeza mapema haipo tena, kwa kuwa baada ya gari kupanda, tairi la ndani limekandamizwa juu ya jeki na haliwezi kuzunguka. Nalo limefungwa pamoja na la nje. Nati zaweza kulegezwa palepale, gari likiwa juu, bila gurudumu kuzunguka.

Hivyo kanuni imegeuka: kwa jeki ya kawaida, legeza kwanza, inua baadaye, kwa jeki ya kupandia, panda kwanza, legeza baadaye. Aliyekariri kanuni atakosea. Aliyejua sababu ataigeuza kanuni mwenyewe bila kufundishwa tena. Msichana yule hakuwa amewahi kushika spana, lakini alifikiri kwa kutumia sababu, na ndiyo maana aliona kile ambacho sisi watu wazima tuliokuwa darasani hatukukiona.

HATUA, KILA MOJA NA SABABU YAKE

Tunapendekeza ubao ugawanywe sehemu mbili. Upande wa kushoto pawe na hatua, upande wa kulia pawe na sababu. Upande wa kulia uachwe wazi mwanzoni, wanafunzi waujaze wenyewe kwa majadiliano. Kwa ajili ya mwalimu, tunaziandika pande zote mbili hapa.

1. Gari litolewe barabarani, liwekwe mahali tambarare na pagumu, na alama za tahadhari ziwekwe. Gari-nyumba ni refu kwenda juu. Likiinuliwa upande mmoja kwa sentimita 10 huinama, na palipo na mwinamo tangu awali litainama zaidi. Udongo laini nao huimeza jeki badala ya kuibeba.

2. Watu wote washuke, isipokuwa dereva, wakae mbali na barabara. Mtu anayetembea ndani ya gari huhamisha uzito, na gari lililoinama halipaswi kutikiswa.

3. Jeki iwekwe mbele ya tairi la ndani tu, ikiwa imenyooka na njia ya gari. Ikikaa upande, tairi litapanda kwa ukingo, nayo itapinduka au kuteleza. Ikiingia pia chini ya tairi la nje, tairi hilo nalo litakanyaga, na kazi yote itakuwa bure.

4. Mtu mmoja asimame mahali ambapo dereva anamwona, kando, si mbele wala nyuma ya gari, amwongoze. Dereva hawezi kuliona tairi la ndani. Gari lipande polepole kwa gia ndogo, lisimame tairi linapoketi mahali pake.

5. Breki ya mkono ikazwe na kabari ziwekwe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Sababu ya kabari inahitaji maelezo. Katika baadhi ya magari makubwa, breki ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Hushika mhimili unaotoka kwenye gia kwenda nyuma, ambao mafundi huuita propela. Gurudumu la nyuma la upande mmoja likiinuliwa juu kabisa kwa jeki ya kawaida, difu huliruhusu lizunguke huku la upande wa pili likizunguka kinyume chake, na gari laweza kubingirika ingawa breki imekazwa. Kwa jeki ya kupandia, pande zote mbili zinaendelea kukanyaga, kwa hiyo hatari hiyo hupungua. Hata hivyo kabari ziwekwe, kwa kuwa gari lililoketi juu ya kitu daima hutafuta kushuka.

6. Kiegemeo imara cha chuma kiwekwe chini ya ekseli, karibu na magurudumu, kabla ya kuondoa nati. Hili ni jambo ambalo wengi hawalijui. Katika magari mengi ya aina hii, nati zilezile hushika magurudumu yote mawili, la nje na la ndani. Ukiziondoa ili utoe la nje, la ndani nalo limefunguliwa. Limebaki limekaa tu juu ya kitovu chake, limebeba tani mbili bila kubanwa. Yapo pia magari ambayo gurudumu la ndani lina nati zake peke yake, na hayo hayana tatizo hilo. Basi mtu atazame gari lake kabla ya kufungua.

7. Nati zilegezwe, ziondolewe, tairi libadilishwe, nati zirudishwe na kukazwa kwa kuruka kutoka upande mmoja hadi upande unaoelekeana nao. Zikikazwa kwa kufuatana kama saa inavyozunguka, gurudumu huvutwa upande mmoja na haliketi sawasawa.

8. Kiegemeo kiondolewe, kabari ziondolewe, gari lishushwe polepole, kisha nati zikazwe tena kwa kipimo kilichoandikwa na watengenezaji wa gari. Baada ya mwendo wa kilometa 80 hadi 160 zikaguliwe mara nyingine, kwa kuwa nyuso za vyuma vilivyobanwa huketi zaidi gari linapotembea, na nati huweza kulegea.

9. Tairi la ndani lichunguzwe kwa makini. Lilibeba mzigo wa mawili tangu la nje lilipoharibika, na tena likabeba peke yake juu ya jeki.

Kuhusu hatua hii ya mwisho, takwimu zinatosha kumshawishi mwanafunzi. Tairi la kipimo cha 225/75R16 linalofungwa kwenye magari hayo huwa na alama ya 115/112. Maana yake ni kwamba likifungwa peke yake laweza kubeba kilo 1,215, na likifungwa kama pacha kilo 1,120. Upande wetu una kilo 2,000. Magurudumu mawili huzibeba bila shida, moja huzidiwa. Kwa hiyo tairi la ndani huvumilia mzigo ule kwa muda mfupi tu, gari likitambaa au kusimama. Anayeendelea na safari kwa tairi moja, kwa kuwa "bado moja lipo", analipasua na la pili.

MAHALI AMBAPO KIFAA HAKIFAI

Somo halijakamilika mpaka wanafunzi waonyeshwe mwisho wa kifaa. Tuwaulize maswali matatu, na tuwaachie muda wa kufikiri.

Je, tairi la mbele likipata pancha? Mbele hakuna pacha. Tairi likipanda juu ya jeki, ndilo lililobeba, haliwezi kuondolewa. Hapo jeki ya kawaida ndiyo inayofaa.

Je, tairi la ndani likipata pancha? Wanafunzi wengi watasema kwamba tulipandishe la nje. Watakuwa wamefuata kanuni: kizima kibebe, kibovu kining'inie. Na ni kweli kwamba la ndani litaning'inia. Lakini litatokea wapi? Njia yake imezibwa na la nje, na la nje limekanyaga jeki. Ili kulitoa la ndani ni lazima la nje litolewe kwanza. Kwa hiyo ekseli yenyewe ndiyo iinuliwe na kuegemezwa. Swali hili ni zuri sana kwa sababu linawaonyesha wanafunzi kwamba hata kanuni iliyofahamika ina mipaka yake.

Je, bajaji yaweza kutumia jeki ya kupandia? Nyuma ina magurudumu mawili, lakini si pacha. Kila upande una moja. Basi haiwezi. Swali hili humpima mwanafunzi kama amekariri neno "mawili" au ameelewa maana ya pacha.

KULIFUNDISHA DARASANI

Somo hili lisifundishwe kwa gari la kweli. Tunalisema hili kwa mkazo. Mwalimu asiwapeleke wanafunzi karibu na gari lililoinuliwa, wala asimwombe dereva wa lori awaonyeshe. Udadisi wa watoto huwapeleka chini ya gari upesi kuliko sauti ya mwalimu inavyoweza kuwazuia. Wakikuta gari linatengenezwa barabarani, wafundishwe kutazama kwa mbali.

Zana zote zaweza kupatikana bila gharama. Wanafunzi wetu ni mafundi wa vijigari vya makopo na magurudumu ya kandambili. Waombwe kutengeneza kijigari ambacho nyuma kina magurudumu pacha: vipande viwili vya kandambili kila upande, vimefungwa pamoja kwenye kijiti kimoja. Jeki ya kupandia ichongwe kwa ubao mdogo wenye upana wa gurudumu moja tu. Kijigari kikipandishwa, kila kikundi kione kwa macho gurudumu la nje likining'inia. Kisha wajaribu gurudumu la mbele, na wajaribu la ndani. Mwalimu asiwape jibu, kijigari kitawapa.

Kwa upande wa kani, patengenezwe mteremko wa ubao wenye urefu wa sentimita 40, ukiegemezwa juu ya vitabu vyenye kimo cha sentimita 10. Kijigari kitiwe mchanga ili kiwe kizito. Kifungwe ukanda wa mpira wa baiskeli, kwanza kininginizwe wima, na mvutiko wa mpira upimwe kwa rula. Kisha kivutwe juu ya mteremko kwa mpira uleule, na upimwe tena. Mpira utavutika kidogo zaidi mteremkoni? Hapana, utavutika kidogo tu ukilinganishwa na ulipokuwa wima. Wanafunzi waandike vipimo vyote viwili pamoja na umbali.

Hapa tunatoa onyo kwa walimu wanafunzi. Vipimo havitaonyesha robo kamili. Msuguano utaongeza kani ya mteremkoni, na mpira hauvutiki kwa uwiano kamili. Wapo walimu ambao, wakiona hivyo, huwaambia wanafunzi wafute walichokipima na kuandika kile kilichomo kitabuni. Huko ni kuwafundisha kwamba macho yao ni ya uongo. Vipimo viachwe kama vilivyo, na swali liwe: ile ziada imetoka wapi? Somo la msuguano litakuwa limejileta lenyewe mlangoni.

TATHMINI

Mwanafunzi anayezitaja hatua tisa kwa mfuatano ameonyesha kwamba ana kumbukumbu nzuri. Ili tujue kama ameelewa, tumpe jambo ambalo hatukumfundisha. Kwa mfano: mkokoteni wenye magurudumu mawili umezama kwenye shimo, eleza utautoaje kwa ubao, na kwa nini ubao mrefu unafaa kuliko mfupi. Au: dereva mmoja amelegeza nati kabla ya kupanda jeki ya kupandia, mwandikie maneno machache ya kumzuia, ukimpa sababu. Swali hili la pili hujibiwa vema na mtoto aliyeelewa, hata kama mwandiko wake ni mbaya.

Ni kweli kwamba kufundisha kwa sababu huchukua muda mrefu kuliko kufundisha kwa hatua. Mwanachuo mwenye dakika arobaini na darasa la wanafunzi sabini atatuuliza muda huo utoke wapi. Jibu letu ni kwamba hatua zipunguzwe. Hatua nne zilizofahamika zina faida kuliko tisa zilizokaririwa, kwa kuwa mwenye kufahamu nne ataweza kuzitafuta tano zilizobaki siku atakapozihitaji.

Jioni ya siku ile tulikaa na mwanachuo yule chini ya mwembe wa shule, tukamwambia kwamba jibu lake halikuwa sahihi. Tukamwambia pia kwamba sisi tulikuwa tumeikubali hatua ya pili kabla ya mtoto kuuliza. Hakupenda kulisikia la kwanza, na nadhani hakutarajia kulisikia la pili. Kesho yake hakuwa na kipindi cha sayansi, lakini aliomba dakika tano mwanzoni mwa kipindi cha hesabu. Aliandika hatua ya pili na ya tatu ubaoni kama alivyoziandika jana, akamwita msichana yule mbele, akamkabidhi chaki, akamwomba azipange upya na awaeleze wenzake sababu.

Msichana alizibadilisha nafasi. Alieleza kwa sentensi mbili. Darasa likaandika upya. Nasi katika fomu yetu, palipokuwa na "vizuri sana" ya jana, tulipiga mstari, tukaandika alama mpya, na pembeni yake tukaandika sababu.